Sifuri ya Orville Dassow

Ukipigiwa simu na mtu usiyemjua, chakula kiko mezani kinapoa, akakuuliza utamchagua nani awe rais, utamwambia ukweli au utamkatia simu? Jibu bila kujipamba, maana kuna mahali jibu hilo ndilo linaloamua kama upo au hupo.

Orville Dassow wa mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin, alikuwa mkataji wa simu. Wala hakukata upesi kama wengine. Alikuwa ananyamaza kwanza, anamwacha binti wa watu ajitambulishe mpaka mwisho, aseme anafanya kura ya maoni na kwamba maswali ni machache tu, halafu anajibu kwa upole, "Umekosea namba, mama. Hapa ni kwa wafu." Kisha anakata, anacheka peke yake jikoni, na kurudi kwenye soseji zake.

Mtu huyo ndiye aliyemzaa Lyle, na Lyle hakupenda kitu duniani kuliko kura za maoni.

Lyle alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, kijana mrefu, mwenye mikono isiyotulia na sauti iliyopanda haraka kila alipoguswa mahali pake. Alisoma takwimu chuo kikuu kule Madison, akamaliza vizuri, na kampuni za bima za Milwaukee zikamwita. Hakwenda. Alirudi nyumbani Oshkosh kwa sababu ya jambo moja aliloliamini kwa moyo wote: kwamba mtu asiyejua hesabu atatawaliwa na yeyote anayejua kumdanganya kwa hesabu. Aliwaambia wanafunzi wake hivyo siku ya kwanza ya kila mwaka, akigonga meza. "Msinipe jibu kwa sababu mnalipenda," alikuwa anasema. "Nipeni jibu kwa sababu ni kweli. Mkizoea hivyo, hakuna mwanasiasa atakayewaweza."

Baba yake aliamini kinyume chake, naye alikuwa na sababu. Orville aliunda malori kiwandani karibu maisha yake yote. Mwaka mmoja wa uchaguzi wagombea wote wawili walikuja pale kwa zamu, wakavaa kofia za plastiki, wakawakumbatia wafanyakazi mbele ya kamera, wakataja namba: nafasi za kazi elfu hivi, mamilioni hivi ya kupanua kiwanda. Orville akaenda kupiga kura, na aliyempa kura akashinda. Theluji ilipoyeyuka, kitengo chake kikafungwa, wakapewa keki na kuambiwa kwaheri. Tangu hapo hakukanyaga tena kituo cha kura. Namba zote zinapikwa, alisema. Namba za kazi zinapikwa, za kura za maoni zinapikwa, na kura zenyewe zinapikwa vilevile, tofauti ni sufuria tu.

Lyle hakutaka kingine kwa baba yake ila hiki: Jumanne ya uchaguzi amwone ameingia kituoni. Ampe kura amtakaye. Hata yule ambaye Lyle alimwona hafai kusimamia foleni ya choo, poa, ilimradi mzee aingie. Kwake haikuwa siasa. Baba aliyemfundisha kupima ubao mara mbili kabla ya kuukata alikuwa amejitoa mwenyewe katika nchi, na mwana hakuweza kulizoea jambo hilo. Alikwisha kujaribu kubembeleza, akajaribu hoja, akajaribu ugomvi.

"Wewe unamhutubia," mkewe, Mee, alimwambia. "Baba yako hahutubiwi."

Vita vyao vilikuwa na uwanja wake, na uwanja wenyewe ulikuwa baa ya Bernadine, karibu na daraja la mto. Pale ukutani kulikuwa na ubao mkubwa mweusi. Nusu moja ya ubao ilikuwa ya bei za bia na chakula. Nusu ya pili Bernadine alimpa Lyle kila mwaka wa uchaguzi, kwa sharti kwamba asiandike maneno ambayo yeye hawezi kuyaeleza kwa wateja. Lyle alichora humo ramani ya Marekani kwa chaki. Majimbo yaliyojulikana yatakwenda wapi aliyapaka bluu au nyekundu. Yale yanayoyumba aliyaacha matupu, na kila Ijumaa, watu wakila samaki wa kukaanga kwa mkate mweusi na kabichi, alipanda juu ya kiti na kuandika wastani mpya wa kila jimbo.

Mwaka huo waligombea wawili: Gavana, mama mmoja wa chama cha bluu, na Seneta, bwana mmoja wa chama chekundu. Katika baa ya Bernadine hawakuitwa kwa majina.

"Haya, Mtabiri!" Duane Kopecky alipiga kelele kutoka mezani kwake. Duane alikuwa dereva wa lori la maziwa, na sauti yake ilizoea kushindana na injini. "Malaika wamekwambia nini wiki hii? Kwenye televisheni wanasema nchi nzima Gavana anaongoza kwa pointi nne. Si yamekwisha hapo?"

"Nchi nzima haimchagui rais, Duane. Majimbo ndiyo yanayomchagua. Watu wa California wakimmwagia kura za ziada milioni tano, ni kazi bure. Jimbo ni lilelile na kura zake za wajumbe ni zilezile. Ndiyo maana mimi sisomi kura za maoni za nchi nzima. Nasoma za jimbo kwa jimbo." Akagonga ubao. "Anahitaji kura za wajumbe mia mbili na sabini. Bila sisi, anakwama njiani. Akipata kumi za Wisconsin, anavuka."

"Kwa hiyo sisi ndio tunampa urais?"

"Sisi, na Michigan, na Pennsylvania."

"Michigan!" Duane alishika kichwa. "Hao hata jibini hawajui kutengeneza!"

Baa ikacheka. Mwishoni kabisa mwa kaunta, Orville hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye stuli yake na brandi yake, kofia ya kiwandani kichwani, akiutazama ubao kama mtu anavyoutazama mchezo wa karata anaoujua una hila.

Njia ya Lyle haikuwa na uchawi. Alichukua kila kura ya maoni iliyofanyika katika jimbo, mpya akaipa uzito kuliko ya zamani, ya watu wengi akaipa uzito kuliko ya watu wachache, akatafuta wastani. Lakini alikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo aliiandika juu ya ramani tangu Septemba, kabla hajaona namba yoyote: KILA KURA YA MAONI ITAHESABIWA. HAKUNA KUTUPA. Aliilinda kama mlinzi wa benki. Mtu akianza kutupa namba baada ya kuziona, alisema, huyo hatabiri tena, anajibembeleza.

Mwishoni mwa Oktoba kanuni ikapimwa.

Wiki nzima Wisconsin ilikuwa imetulia: Gavana mbele kwa pointi tatu. Halafu ikatoka kura ya maoni ya kampuni moja ya mbali huko kusini, ikasema Seneta yuko mbele kwa nne. Ijumaa hiyo Duane aliingia baa ameinua simu yake juu kama aliyeshika kombe.

"Mtabiri! Umesikia? Nyumba imeungua! Seneta kwa nne! Shuka kwenye kiti, bwana, tupe chaki tuandike bei ya bia!"

Lyle alikuwa ameshaisoma. Aliisoma darasani wakati wa mapumziko, akashuka mpaka maandishi madogo ya chini kabisa, yale yanayosomwa na watu wachache, na hapo akakuta kitu kilichomfanya acheke kwa sauti mpaka wanafunzi wakageuka.

"Duane," alisema, "unajua simu hizo zilipigwa lini?"

"Nitajuaje? Mimi nabeba maziwa."

"Zote zilipigwa siku moja. Jumapili iliyopita, mchana."

Likaja wimbi la kicheko lililoanzia jikoni na kuishia mlangoni, maana katika jimbo lote hakuna mtu aliyehitaji kuambiwa Jumapili mchana ile kulikuwa na nini. Packers, timu ya mpira wa Kimarekani ya jimbo lao, walikuwa wanacheza na mahasimu wao wa jadi, Bears.

"Jumapili ya Bears?" Bernadine aliweka chini trei ya glasi. "Jumapili ile hata simu ya dada yangu sikupokea, na alikuwa amelazwa."

"Sasa nani alipokea?" Duane aliuliza, sauti ya ushindi imeanza kumkauka.

"Watu wasioangalia Packers," alisema Lyle.

"Hao si watu wa Wisconsin! Hao ni watalii!"

"Wameuliza watalii!" mtu akadakia.

"Itupe!" baa ikaanza kuimba, wa bluu na wa nyekundu pamoja, wakigonga meza kwa chupa. "Itupe! Itupe!" Hata Duane, ambaye alimtaka Seneta, alikuwa anagonga. Kuna mambo makubwa kuliko urais.

Lyle akacheka nao, chaki mkononi. Sababu alikuwa nayo, na ilikuwa sababu nzuri. Hakuna profesa ambaye angemlaumu. Akaigeukia ramani.

"Ndiyo, itupe, kijana," ilisema sauti ya mwisho wa kaunta.

Orville hakuwa ameinua sauti, lakini chupa zikaacha kugonga meza.

"Itupe. Nilikuwa nangoja hapa tangu Septemba nione utaitupa lini. Ndiyo kazi yenu hiyo. Namba mnayoipenda ina afya. Msiyoipenda inakutwa na ugonjwa."

"Baba, hii imepigwa wakati wa Packers. Wewe mwenyewe ulikuwa—"

"Mimi sisemi si kweli. Mimi nasoma tu ulichoandika pale juu. Au kile ni cha kupambia ukuta?"

Lyle aliinua macho. HAKUNA KUTUPA. Alisimama pale juu ya kiti, masikio yanawaka moto, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mzee hakuwa anadhihaki. Alikuwa anangoja kweli. Wiki zote zile, na brandi yake na kofia yake, alikuwa anangoja kuona kama mwanawe naye ni mpishi wa namba. Na kama kura hiyo ya maoni ingempendelea Gavana, Lyle alijiuliza, ningesoma maandishi madogo mpaka chini? Jibu lilimjia haraka, na hakulipenda.

"Inabaki," alisema.

"Ah, Mwalimu!" Duane alilalamika.

"Inabaki. Nilisema kila moja, ni kila moja. Nitaandika pembeni kwamba ilipigwa wakati wa Packers, kila mtu ajue. Lakini inahesabiwa." Akafuta tatu, akaandika mbili. Mkono ulimuuma kama aliyejichoma. "Gavana mbele kwa mbili. Na nasema bado anashinda."

Orville alikunywa funda la brandi. Ijumaa iliyofuata, ya mwisho kabla ya uchaguzi, alikuwa amehama stuli. Alikaa karibu na ubao, mahali ambapo angeweza kusoma bila miwani.

Siku hiyo watu walijaa mpaka wengine wakala wamesimama. Lyle alipaka rangi majimbo yaliyobaki, moja moja, na ilipofika Wisconsin aliipaka bluu na kuandika: GAVANA KWA 2. Kisha akashuka, akapangusa mikono.

"Watu mia nane," Orville alisema.

"Nini, Baba?"

"Hizo kura zako za maoni. Kila moja wanauliza watu mia nane, mia tisa. Jimbo lina mamilioni ya watu. Wanajuaje? Nieleze kama unavyomweleza mtu mzima, si kama mwanafunzi."

Lyle alifungua mdomo kuhutubia. Akamkumbuka Mee, akaufunga. Akavuta stuli.

"Idara ya maliasili wanasema ziwani kuna samaki wakubwa wangapi?"

Kila Februari Orville alitoboa barafu ya Ziwa Winnebago, akaweka kibanda juu ya tundu, akakaa na mkuki akingoja wale samaki wakubwa wa kale wenye mifupa mgongoni, warefu kuliko mtu. Kwa habari hiyo hakuwa na mzaha.

"Maelfu kadhaa. Wanatangaza kila mwaka, na ndiyo maana tunaruhusiwa kuchoma wachache tu kwa mkuki."

"Na unawaamini?"

"Wale wanajua kazi yao."

"Huwa wanalikausha ziwa?"

"Usinichezee. Wanawanasa wachache, wanawapachika kibandiko, wanawaachia. Sisi tukichoma tunapeleka kituoni, wanaangalia ni wangapi wana vibandiko. Ukijua hao, unajua na..."

"Malizia," alisema Bernadine kutoka nyuma ya kaunta. "Ilikuwa inanoga."

"Samaki hadanganyi," Orville alisema kwa hasira.

"Wala hakati simu," alijibu Lyle.

Duane alipaliwa na bia. Hata Orville mwenyewe mdomo ulimcheza upande mmoja. Akaiweka sawa kofia kichwani.

"Sawa. Mimi nakata simu. Kila mtu hapa anajua nakata simu. Sasa katika hizo hesabu zako, mimi umeniweka wapi?"

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na Lyle hakuwa amepanga. Alijibu tu ukweli, kama alivyozoea kudai kwa wengine.

"Hupo."

"Sipo vipi?"

"Hata ungepokea simu usingekuwepo. Kwanza wanauliza: uchaguzi uliopita ulipiga kura? Na wa kabla ya huo? Anayesema hapana na hapana, wanamshukuru na kumweka pembeni. Hii ni hesabu ya watakaopiga kura, Baba. Wewe ndani yake ni sifuri."

Samaki jikoni walisikika wakichemka katika mafuta.

"Sifuri," alisema Orville.

"Ndiyo."

"Nimeunda malori yanayobeba jeshi la nchi hii. Nimelipa kodi tangu sina ndevu. Halafu mwanangu mwenyewe, mbele ya watu, ananiita sifuri."

"Sikuiti, Baba. Nakuhesabu."

Duane, ambaye hajawahi kuiacha nafasi impite, aliichukua chaki, akaenda kwenye kona ya ubao na kuandika kwa herufi kubwa: ORVILLE = 0. Watu wakacheka, lakini kicheko kilikufa haraka, kwa sababu mzee alikuwa amesimama.

"Nikienda Jumanne, nikakuharibia?"

"Huwezi kuniharibia." Sauti ya Lyle ilitulia kuliko alivyotegemea. "Gavana anashinda Wisconsin. Nimeshaandika."

"Nikimpa Seneta?"

"Mpe. Bado anashinda."

"Una jeuri."

"Nimeirithi."

Orville akavaa koti lake, akawaacha samaki wake nusu sahanini, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikifanya, akatoka. Bernadine alichukua kitambaa ili aifute ile kona. Akaitazama, akabadili mawazo, akafuta bei za bia badala yake.

Lyle alirudi nyumbani na mambo mawili kifuani, na hakujua lipi ni zito: au alikuwa amemfungulia baba yake mlango, au alikuwa amemtusi mbele ya mji mzima. Jumapili akampigia simu.

"Unafanya kura ya maoni?" Orville aliuliza.

"Baba, ni mimi."

"Basi sina maoni." Akakata.

Jumanne Lyle alipiga kura yake kabla ya shule, akafundisha darasa lililokuwa halisikii, na alipotoka akaendesha gari kuvuka mto, kupita mbele ya kanisa la Kilutheri ambalo chini yake ndiko kuliko na kituo cha mtaa wa baba yake. Mistari ya watu ilikuwa imefika kwenye maegesho. Kina mama wenye vitoto mgongoni, vijana wa chuo wenye bili za umeme mkononi za kuthibitisha wanapoishi, wakijiandikisha palepale, mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu akibishana na mwanawe. Kama angekuwa na kipaza sauti angewahutubia wote, angewaambia kwamba hakuna mfalme duniani anayestahili heshima kuliko foleni hii. Lakini pikapu ya baba yake haikuwepo. Alizunguka mara ya pili, haikuwepo.

Jioni baa ilikuwa na joto la watu na televisheni tatu. Stuli iliyo karibu na ubao ilikuwa tupu. Michigan ilitangazwa mapema: Gavana ameshinda, lakini kwa pungufu ya pointi moja kuliko wastani wa kura za maoni. Lyle alinyanyuka.

"Sikilizeni. Kura za maoni zikikosea kwa jirani, zinakosea na kwetu, tena kwa upande uleule. Watu waliozikwepa Michigan ni wa aina ileile ya waliozikwepa hapa. Michigan zimekosa kwa pointi moja. Basi na sisi toeni moja. Gavana anashinda Wisconsin kwa moja."

"Kwa moja wapi?" Duane alinyoosha kidole kwenye televisheni. "Soma pale! Seneta yuko mbele kwa kura elfu arobaini! Una macho au una chaki?"

"Milwaukee, mji wa bluu, bado wanahesabu kura za posta. Huwa wanamaliza mwisho, miaka yote." Akavaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kulala."

"Kulala? Leo?"

"Hesabu haihitaji nikae macho ndipo iwe kweli," alisema Lyle, na alimaanisha. Alikuwa na uhakika huo katika mifupa. Kama kulikuwa na kitu cha kumnyima usingizi, hakikuwa ubaoni. Kilikuwa ile stuli. Kabla ya kutoka aliitazama mara moja tena.

Asubuhi redio ya jikoni ilimwambia kabla hajakaa. Milwaukee walikuwa wamemaliza. Gavana ameichukua Wisconsin kwa pointi moja na kidogo, na kwa kumi hizo amevuka mia mbili na sabini. Mee alimmiminia kahawa.

"Umepatia," alisema.

"Nusu," alijibu Lyle.

Njia ya shuleni inapita kwa Bernadine. Baa hiyo hufunguliwa alfajiri kwa ajili ya watu wa zamu ya usiku, wanaotoka kiwandani na kutaka mayai na bia wakati wengine wanataka uji. Mbele ya mlango, magurudumu mawili juu ya ukingo wa barabara, ilikuwa imesimama pikapu ya baba yake.

Lyle alisimamisha gari. Mlango wa baa ulikuwa umeegeshwa wazi ili moshi wa nyama utoke. Hakuingia. Alisimama pale kwenye baridi, mkono kwenye fremu.

Orville alikuwa mbele ya ubao. Kwenye kofia yake ya kiwandani, pembeni kidogo, kilikuwa kimebandikwa kile kibandiko kidogo wanachopewa watu wakitoka kupiga kura. Watu wa zamu ya usiku, wamechoka, ovaroli zimejaa mafuta, walikuwa wamegeuza viti kumsikiliza.

"Mwanangu aliandika mbili," mzee alikuwa anasema, akigonga WISCONSIN kwa kifundo cha kidole. "Someni wenyewe, mbili. Tena aliandika Ijumaa, mbele ya mashahidi, na ile ya wakati wa Packers akaiacha ndani, hakuitupa, mimi nilikuwepo. Halafu imekuwa ngapi? Moja. Sasa hiyo moja iliyopungua, mnajua imekwenda wapi?"

"Wapi, mzee?" mmoja aliuliza, mdomo umejaa yai.

Orville alijipiga kifuani kwa ngumi.

Pointi moja ya Wisconsin, yaani kura moja katika kila mia, ni zaidi ya watu elfu thelathini. Lyle aliijua hesabu hiyo kama jina lake, na maishani mwake mwote hakuwahi kuiacha namba isiyo sahihi ipite mbele yake. Hii aliiacha ipite.

Orville alilamba kidole gumba. Akaenda kwenye kona ya ubao, akaisugua ile sifuri mpaka pakabaki doa la maji, akapapasa mfukoni mwa Bernadine penye chaki, Bernadine akampiga kofi mkononi na kumpa. Akaandika 1. Alikandamiza mno, chaki ikakatika. Akainama, akaokota kipande, akapitisha tena juu ya mstari uleule, polepole, kutoka juu mpaka chini, mpaka ukawa mnene kuliko namba zote ubaoni. Kisha akapangusa mikono kwenye suruali na kusema hajala tangu jana, mayai yake yako wapi.